Nani Atamwandika Mchezaji wa Singeli?

Makala nyingi kuhusu singeli, hasa zile zinazoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya, zinaanza na namba. Mapigo 200 kwa dakika. Mapigo 250. Mapigo 300, na hapo mwandishi anaweka alama ya mshangao kana kwamba anaripoti ajali ya bodaboda. Kisha vinafuata vile vitu vinavyotarajiwa: joto la Dar es Salaam, mitaa iliyobanana, kompyuta chakavu, vijana wasio na ajira. Ukifika mwisho umeelewa vizuri sana kwamba huu muziki una kasi. Nani anaucheza, anauchezaje, na kwa nini mwili wa binadamu unakubali kuingia ndani ya mngurumo wa namna ile saa nane za usiku, hayo huyakuti.

Sisi wa nyumbani tuna upungufu wetu mwingine. Kwetu mchezaji yumo, tena yumo sana, ila yumo kama kesi. Tafuta neno "vigodoro" kwenye magazeti yetu na utakachokutana nacho ni polisi, mkuu wa wilaya, maadili, na watoto wa shule wanaokosa usingizi. Mchezaji anatajwa kwa kiungo kimoja tu cha mwili, halafu sentensi inayofuata inadai hatua zichukuliwe. Hakuna anayetueleza alichokuwa anakifanya.

Kwa hiyo huku tuna namba, kule tuna kesi. Na mimi nadhani hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu singeli si muziki uliopikwa studio halafu ukapelekwa kwa wachezaji wauonje. Wachezaji ndio waliouomba, wakaukataa ulipokuwa mlegevu, wakaukubali ulipokaza. Kuuchambua bila wao ni sawa na kuchambua utenzi kwa kuhesabu mizani tu, kisha ukafunga kitabu ukaenda kulala.

Asili yake nitaipitia haraka, maana wengine wameshaieleza. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, muziki wa sherehe za uswahilini uliotoka kwenye ngoma za Wazaramo ukapandishwa juu ya vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyochoka. Wengi wa nje waliujua kupitia kundi la Jagwa Music na albamu yao ya Bongo Hotheads ya mwaka 2012, lakini Dar ulikuwa umeshachezewa harusi na shughuli za kumtoa mwali tangu miaka ya 1990. Miaka ya 2000 ilipokuwa inasonga, maDJ wa Manzese, Tandale, Mbagala na kwingineko wakaanza kuchukua vipande vya ala za taarabu ya kisasa, wakavikata, wakavirudiarudia na kuviongeza mwendo, na MC akashika maiki akachana juu yake. Baadaye zikaja studio zenye majina, kama Sisso ya Mburahati. Redio ya EFM ikaupigia chapuo. Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba wakawa watu wa kusimamishwa barabarani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na muziki ukapanda ndege.

Hapo ndipo simulizi nyingi zinapoishia, na mimi ndipo ninapotaka kuuliza swali. Kile kipande cha taarabu, kwa nini kile? Wimbo wa taarabu ya kisasa unaweza kufika dakika kumi na kitu, wenye sehemu za kila aina: kuna utangulizi wa kinanda, kuna beti, kuna kiitikio, kuna gitaa linalolialia. DJ hachukui gitaa linalolialia. Sikiliza singeli za mwanzo kwa makini: kinachorudiwa ni pale ambapo mwimbaji amenyamaza, ngoma na besi zimebaki peke yake, na kwenye ukumbi wanawake wameshaacha viti. DJ alikuwa anaangalia watu. Alikata pale walipoinuka, akafanya wasikae tena. Huo nauita uhariri, na mhariri mkuu alikuwa sakafuni.

Sasa turudi kwenye ile namba, maana namba yenyewe si mbaya, tatizo ni kuiacha bila kazi. Chukua singeli ya mapigo 240 kwa dakika. Ni mapigo manne kila sekunde. Hakuna nyonga ya binadamu inayoweza kujibu yote manne ikadumu usiku kucha, na mchezaji mzuri wala hajaribu. Anachukua moja katika kila manne. Hesabu: ni mara 60 kwa dakika, yaani mara moja kwa sekunde, mwendo wa saa ya ukutani. Wakati spika zinakimbia kama zinafukuzwa na mgambo, kiuno kinakwenda taratibu kama cha mtu mwenye muda wake. Mgeni anaona muziki na mchezo vimepishana. Havijapishana, mmoja anakimbia ndani ya mwingine, kama ngoma zetu zilivyofanya siku zote, ngoma kubwa ikitembea na ndogo ikipaparika.

Wanaume mara nyingi wanakwenda kinyume chake. Wao wanazitafuta zile tatu zilizobaki, au zote nne kwa kitambo kifupi: miguu inachapa, magoti yanagongana, mtu anajifanya ameteleza, anajifanya mlevi, anajifanya amepigwa shoti ya umeme, kisha anasimama wima ghafla kama askari. Kuna vichekesho vingi humo. Sijasoma popote mtu akiandika kwamba singeli inachekesha, wakati ukiwa pale nusu ya kelele unazosikia ni watu wanacheka.

Kwa hiyo swali analojibu mchezaji kila sekunde ni hili: katika haya mapigo manne, lipi langu? Na anaweza kubadilisha jibu. Anaweza kuacha mawili yapite bure. Anaweza kusimama kabisa, akaacha muziki uende bila yeye, halafu akaingia pale ambapo hakuna aliyemtegemea. Wasomaji wa mashairi mnajua kinachozungumzwa hapa. Shairi letu la arudhi lina mizani iliyopangwa na kina kilichokwishajulikana, na bado tunamtambua malenga kwa namna anavyoweka pumzi ndani ya mpaka huo. Mpaka wa mchezaji ni kitanzi cha sekunde chache kinachojirudia dakika ishirini. Ndani yake inabidi asijirudie.

Niliwahi kusimama karibu na meza ya DJ kwenye shughuli moja Mbagala, ya kumwaga bibi harusi. Barabara ilikuwa imefungwa kwa viti vya plastiki na turubai, spika zimepangwa ghorofa mbili, nyaya zinapita juu ya mtaro. MC alikuwa anawataja ndugu mmoja mmoja, wa mama, wa baba, wa Kigoma, wa Rufiji, kila anayetajwa anatoka na noti. Katikati alikuwepo mama mmoja, umri labda arobaini, doti ya khanga, hana viatu. Kwa muda mrefu alitikisa bega moja tu. Yaani bega moja. Vijana walioshika simu wakamchoka, wakazigeuza simu upande mwingine. MC alipotamka neno "mawifi", yule mama akageuka, akawapa mgongo upande ule waliokaa ndugu wa mume, akazungusha mara tatu, polepole, kwa mwendo ule wa saa ya ukutani, halafu akasimama. Mara tatu tu. Pale uwanjani palilipuka. DJ akarudisha kipande nyuma bila kuambiwa, MC akaliacha jina lililokuwa linafuata, akarudia "mawifi" kwa sauti ya kuchokoza, na yule mama hakurudia. Alirudi kwenye bega lake.

Ukitaka kuniambia hapo hapakuwa na fasihi, tutabishana sana. Palikuwa na msemaji, palikuwa na anayeambiwa, palikuwa na fumbo ambalo kila aliyekaa upande ule alilielewa na hakuna ambaye angeweza kulipeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi kama ushahidi. Na palikuwa na uamuzi wa kutorudia, ambao ndio uliomaliza kazi. Pia angalia nani aliongoza. Kwa sekunde chache MC na DJ, wale wawili tunaowaandika, walikuwa wanamfuata yeye.

Hili halikuanza na singeli. Kelly Askew, katika kitabu chake Performing the Nation cha mwaka 2002, alionyesha vizuri jinsi kutunza kunavyofanya kazi kwenye taarabu ya Tanga: mwanamke anainuka ubeti fulani unapoimbwa, anakwenda kumtunza mwimbaji, na kwa kuchagua ubeti ule na si mwingine, na kwa namna anavyopita mbele ya meza fulani, anayachukua maneno ya wimbo na kuyafanya yake. Wimbo ni wa kundi, kijembe ni chake. Kigodoro kimechukua desturi hiyo kikaitoa ukumbini na kuiweka barabarani. Noti imebaki. Kilichoongezeka ni kwamba mwili haupiti tena mbele ya meza kwa madaha. Unakaa katikati na kusema wenyewe.

Halafu kuna khanga. Tumeandika mno kuhusu majina ya khanga, tumeyakusanya, tumeyachambua kama methali, tumeyafanyia tasnifu. Lakini tunayaandika kana kwamba khanga imebandikwa ukutani. Jina la khanga liko juu ya pindo la chini. Ukiifunga kiunoni, maandishi yanakaa nyuma, chini ya nyonga. Maana yake ni kwamba ili kuyasoma inabidi umtazame mvaaji kwa nyuma, na akiwa anacheza hayatulii, unapata neno moja, linajikunja, unapata la pili. Anayecheza ndiye anayeamua unasoma nini na kwa muda gani. Sijui maandishi mengine ya Kiswahili ambayo msomaji wake yuko chini ya amri kiasi hicho.

Na viuno vyenyewe vina shule. Kinachoitwa uhuni barabarani kilifundishwa, na bado kinafundishwa, ndani ya unyago, na walimu wake walikuwa watu wa kuheshimiwa. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisifiwa dunia nzima kama mwimbaji, lakini Zanzibar alijulikana pia kama somo wa unyago, na hakuna aliyedai afungwe. Kwa hiyo tusibishane kama kukata kiuno ni utamaduni au si utamaduni, hilo limekwisha zamani. Ubishi wa kweli ni wa mahali na mtazamaji. Kitu kilichokuwa cha wanawake kwa wanawake, ndani ya ua, kimetoka kwenda mbele ya wanaume, watoto na kamera. Mabadiliko hayo ni makubwa na yana maumivu yake. Nimeona wachezaji wakishikwashikwa na wanaume waliolewa. Nimeona watoto wa miaka saba wakiwa macho saa nane. Jirani mwenye mgonjwa ndani ana haki ya kulaani. Sitaki kuyapaka rangi hayo eti kwa sababu napenda singeli. Ila yote hayo ni sababu ya kutazama kwa makini zaidi, na sisi tumeyatumia kama sababu ya kufumba macho.

Mei 2016 wizara yenye dhamana ya habari na utamaduni iliifungia video ya "Chura" ya Snura Mushi na kumsimamisha kufanya maonyesho ya hadhara. Unaweza kuipenda ile video au kutoipenda. Mimi naiona ya kawaida, kamera yake ina uvivu, haijui inatafuta nini zaidi ya kile kimoja. Kilichonishangaza ni ukimya wa watu wa fasihi. Watu hawahawa kila mwaka wanatukumbusha, kwa haki kabisa, jinsi Rosa Mistika ya Kezilahabi ilivyozuiwa shuleni kwa hoja ya maadili, na jinsi hoja ile ilivyokuwa ya watu waliosoma kurasa chache na kuacha kitabu. Hoja ilikuwa ileile. Safari hii haikuwa na kitabu, ilikuwa na nyonga, basi hatukuwa na la kusema.

Kuna mahali pengine palipopitia njia karibu na hii, na napataja kwa sababu panafundisha. Chicago, upande wa kusini na magharibi wa mji, vijana Weusi walijenga mchezo wa miguu unaoitwa footwork. Mtu anaingia katikati ya duara, miguu inachora vitu ambavyo macho hayawahi kuvifuata, dakika moja hivi, anatoka, mpinzani anaingia. Hakuna kilichopangwa. Muziki wake wa kompyuta una mapigo kama 160 kwa dakika, na watengenezaji wake wakubwa, RP Boo na DJ Rashad, walianza wenyewe wakiwa wachezaji. Ndiyo maana nyimbo zao zina mashimo: wanaondoa dundo pale unapolitarajia ili mguu upate kazi ya kufanya. Mwaka 2010 lebo ya Planet Mu ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa Bangs & Works, na wasikilizaji wa Ulaya wakaupokea kama muziki wa ajabu wa kusikiliza umekaa, ule wenye mashimo yasiyoeleweka. Mashimo yalikuwa na watu ndani yake, ila watu hawaingii kwenye santuri. Baadaye wachezaji wa Chicago, kundi la The Era mojawapo, wakaanza kueleza habari yao wenyewe kwa maonyesho, filamu na madarasa. Walichoka kusubiri.

Singeli iko kwenye hatua ya santuri sasa hivi. Siwalaumu Nyege Nyege. Waliwapa watengenezaji wa Mburahati majina na mialiko, kazi ambayo sisi hatukuifanya. Lakini kwenye majukwaa makubwa ya hapa nyumbani mchezaji anazidi kupungua. Amekuwa "dansa", yuko nyuma ya msanii na wenzake watatu, sare moja, hatua moja, mazoezi wiki nzima. Wanapendeza, sikatai. Ila hakuna anayeweza kusimama na bega moja dakika kumi akisubiri neno "mawifi". TikTok nayo imeleta mengine: sekunde kumi na tano, kamera usoni, hatua ambazo watu elfu watazirudia vilevile. Nimeona vipaji vikali mle. Lakini ule uwezo wa kuacha mapigo yapite bure hauonekani kwenye sekunde kumi na tano, maana mtazamaji ataona hujafanya kitu, ataruka.

Nikiwaza mfano wa tunachokihitaji, nakwenda mbali kidogo, kwa Shaaban Robert. Aliona inafaa kuketi na kuandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba kwenye nyumba ya kimaskini, akafinyanga na kuuza vyungu, akafika mjini, akaimba mpaka akaitwa Bombay kurekodi mwaka 1928. Waungwana wa wakati ule walikuwa na mengi ya kusema juu ya mwanamke wa asili ile kuimba mbele ya wanaume. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu hakuona aibu kumfanya kitabu.

Mchezaji wa kigodoro ni kazi ngumu zaidi kwa mwandishi, nakiri. Siti aliacha sauti kwenye santuri na jina alilitaka. Yule mama wa Mbagala nilipomfuata kumuuliza habari zake alicheka, akaniambia, "Mwanangu, kesho mimi niko sokoni, na msikitini wananijua." Kwa hiyo hata jina lake silo la kuandikwa bila ruhusa, na ruhusa hakutoa. Mwandishi wa hili jambo itabidi ajifunze kuandika mchezo bila kumfikisha mtu mahakamani mwa mtaa wake. Waandishi wa riwaya wanalijua hilo, ndiyo kazi yao, na ndiyo maana nawaandikia ninyi badala ya kuwaandikia wanahabari wenzangu wa burudani.

Kuna jambo lingine la haraka. Ushahidi mkubwa wa miaka yote hii hauko maktaba. Uko kwa wapiga video za shughuli, wale wenye vibanda vidogo Temeke na Tandale, waliokodishwa kurekodi harusi na wakarekodi usiku kucha, bila kukata, kwa sababu walilipwa kwa usiku. Humo kuna mabega, kuna kusubiri, kuna magoti yanayogongana, kuna MC akifuata. Nilimtembelea mmoja wao. Alinionyesha sanduku la kanda na DVD zilizoshika ukungu, na za karibuni, zile za flashi, hana. Mteja akishachukua nakala yake, anafuta ili arekodie shughuli inayofuata, na ya Jumamosi ile alikuwa ameshalipwa nusu.